Siku Moteri ya Nkambo Ilipoacha Kuvuja

Juma lililopita nilitoka bafuni mbio, sabuni ingali katika nywele, kitenge nimekishika kwa mukono mumoja, nikaingia uwanja wa jirani yangu hapa Mwansabombwe bila hata kupiga hodi. Nilikuwa nimeona kupitia dirishani kijana fundi amepiga magoti mbele ya pampu ya maji, ile ya zamani ambayo jirani ananyweshea kabichi zake. Kijana alikuwa anazungusha uzi wa wavu kwenye buloni, bolti iliyokwisha meno.

"Toa ile uzi!" nikapiga kelele.

"Mama, inashika muzuri. Jaribu mwenyewe."

"Inashika sababu iko baridi! Ngoja ipate moto, njo utaona!"

Jirani akanitazama mimi, mwalimu muzima wa hesabu, povu masikioni, ninagombana juu ya buloni isiyokuwa yangu. Hakucheka, nashukuru. Nilirudi nyumbani nikamaliza kuoga, lakini tangu siku ile sijalala vizuri. Basi kaa hapa, rafiki yangu, nikusimulie.

Nililelewa Nchelenge, karibu na maji, na nkambo wangu. Nkambo, ndivyo sisi watu wa Katanga tunavyomuita aliyemuzaa mama yako. Tulivuka ziwa toka Katanga wakati wa vita, yeye, mimi na moteri, injini yake. Mama yangu tulikuwa tumemuzika ng'ambo, baba sikumujua. Wengine walipakia vitanda na masufuria na mbuzi. Nkambo aliacha vyote, akawabembeleza na kuwatisha wanaume wanne mpaka wakaingiza moteri ile ndani ya mashua. Mashua ilizama hata maji yakakaribia ukingo, na watu walimutukana njia nzima. Yeye alikaa juu ya gurudumu la moteri, amenipakata.

Ilikuwa moteri ya diseli, ya zamani kuliko yeye mwenyewe, chuma kitupu, yenye magurudumu mawili mazito na kibati ambacho maandishi yake yalikuwa yamefutika. Alikuwa anaiita Muzee. Kwa nguvu za Muzee alifungua chigayo, mashine ya kusagia muhogo, katika kibanda cha mabati nyuma ya mahali wanawake walikuwa wanaanikaka chisense. Unazijua chisense, vile visamaki vidogo vinavyomeremeta juu ya muchanga. Harufu yao iliingia kibandani mchana, ikakutana na harufu ya muhogo uliolowekwa na moshi wa diseli. Hata leo nikisikia harufu hizo tatu pamoja, ninatazama chini kutafuta mafuta.

Kwa kuwa Muzee alikuwa anavuja. Ubavuni alikuwa na kifuniko cha chuma, kikubwa kama sahani, kimeshikwa na buloni nne, na chini ya kifuniko hicho mafuta yalidondoka mchana kutwa. Mafuta ya moteri hayakuwa kitu cha kumwaga ovyo. Basi kazi yangu ilikuwa hii: kukaa chini kando ya Muzee na kopo la nyanya, kukinga mafuta, na kopo likijaa, kuyachuja kwa kipande cha kitenge na kuyarudisha ndani. Kisha kukinga tena. Nkambo hakuweza kuniachilia, maana yeye alisimama kwenye mudomo wa mashine akilisha muhogo, mweupe kwa unga toka kichwa mpaka miguu, na mashine ile ukiiacha peke yake inasongwa. Tulikuwa wawili tu. Kila mutu na mahali pake.

Wewe ulipokuwa mutoto ulicheza wapi? Mimi mwisho wangu wa kucheza ulikuwa kopo. Nilijua kopo linajaa kwa muda gani, na muda huo ndio uliokuwa dunia yangu. Kwenda chooni na kurudi, inawezekana. Kwenda kisimani na kurudi, inawezekana ukikimbia. Kwenda barabarani kutazama lori linalotoka Kashikishi na kurudi, inawezekana, lakini usisimame. Kwenda majini, haiwezekani. Nilijaribu mara tatu. Mara zote tatu nilirudi nikakuta mafuta yamemwagika juu ya udongo, na nkambo amenigeukia na ule uso mweupe wenye macho mekundu. Hakuwa mutu wa kupiga. Alisema tu, "Weye mutoto, unanimaliza," na hiyo ilinitosha.

Ziwa nililisikia. Nilisikia watoto wengine wakiruka kutoka kwenye mashua, nilisikia wavuvi wakivuta wavu na kuimba kwa Kibemba, nilisikia wanawake wakigombania samaki. Yote hayo yalinifikia katikati ya tu-tu-tu ya Muzee. Asubuhi nilienda masomo, ni kweli, maana chigayo tulifungua baada ya saa sita, umande ukiwa umetoka kwenye muhogo. Lakini kengele ikilia wenzangu walitawanyika, na mimi nilirudi kwenye kopo. Nilimupenda nkambo wangu. Nilichukia kila kitu kilichokuwa ndani ya kibanda kile, na nadhani siku zingine nilimuchukia na yeye. Ninasema hivi kwa haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilipomaliza darasa la saba, mwalimu wangu alikuja kibandani. Alikuwa mwanamuke mwembamba mwenye sauti kubwa, na siku ile alilazimika kuipandisha zaidi ili aushinde muungurumo. Kanisa lilikuwa limenipatia nafasi katika shule ya kulala, ya bweni, huku huku Mwansabombwe. Kila kitu kimelipiwa. Kilichobaki ni mimi kufika siku ya kufungua, majuma matatu mbele, na nisipofika siku ile watamupa mutoto mwingine.

Nkambo alizima moteri. Hiyo peke yake ilinitisha, maana hakuizimaka mbele ya wateja.

"Bon, haya," akasema. "Na kopo, nani atashika?"

Bila chigayo hatuli, bila mutu wa kopo hakuna chigayo. Nkambo akapangusa unga kwenye nyusi na kusema neno ambalo nililishika kwa mikono miwili: "Moteri ikiacha kuvuja, mutoto ataenda. Isipoacha, hapana."

Jumapili iliyofuata niliumwa tumbo. Nkambo aliniwekea uji, akaenda kanisani, na kabla wimbo wa kwanza haujaisha nilikuwa kibandani na spana. Mawazo yangu yalikuwa rahisi: mafuta yanatoka kwa sababu buloni zimelegea, basi zikazwe. Nilikaza ya kwanza mpaka ikagoma. Ya pili, ya tatu, vilevile. Ya nne ilikuwa chini kabisa, pale mafuta yanapotokea, na nikaona hiyo lazima ikazwe kupita zote. Nilitia bomba kwenye mupini wa spana ili nipate nguvu, nikaegemeza muguu ukutani, nikavuta. Buloni iligoma, nikavuta tena, na ghafla ikawa laini. Ilizunguka bila kazi yoyote.

Nilifurahi, unasikia? Nilidhani imekubali. Nikaichomoa kwa vidole, na meno ya ndani ya tundu yakatoka pamoja nayo, yamejikunja kama maganda ya kitunguu. Hapo nikaelewa nimefanya nini. Niliketi chini nikasema maneno ambayo mutoto wa kanisa hapaswi kuyajua.

Sasa, sisi watu wa ziwa, kitu kikilegea tunakifunga na uzi wa wavu. Mupini wa jembe, mlango, kiatu, mashua yenyewe, vyote uzi wa wavu. Sikuona kwa nini buloni iwe tofauti. Nilichukua uzi wa nailoni kwenye paa la jirani yetu muvuvi, nikauzungusha kwenye buloni mara nyingi, nikaupaka sabuni ya kufulia, nikairudisha. Iliingia kwa shida, ikakakamaa kweli kweli. Nilining'inia kwenye spana na haikutikisika. Nkambo aliporudi alinikuta kitandani, nimekunja tumbo, na nilimujibu kwa sauti ya mugonjwa kwamba ninaendelea vizuri.

Jumatatu Muzee aliwaka, nami nikaweka kopo. Halikupata hata tone. Nkambo aliinama akachungulia, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Eh! Muzee amepona?"

"Amepona, nkambo."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Alicheka. Nkambo alikuwa na pengo mbele, na alipocheka alilifunika kwa mukono, lakini siku ile alisahau. Akaniambia, "Enda basi, mama, enda ucheze." Nilienda majini. Nilitembea, sikukimbia, ili nione inakuwaje mutu anapotembea. Niliingia mpaka magotini, maji yalikuwa vuguvugu, na mutoto mumoja wa muvuvi akanirushia maji usoni kama vile tulicheza kila siku. Sijui nilikaa muda gani. Ninachojua ni kwamba nilisikia mlio wa Muzee ukibadilika, kisha nikasikia sauti ya nkambo, na haikuwa ya kuita mutu.

Moteri ilikuwa imepata moto, na nailoni ikipata moto inakuwa laini kama ubwali, ugali wetu wa muhogo. Buloni ilitoka. Zile tatu zilikuwa zimekwisha kuchoka kwa ukazaji wangu, kifuniko kikafunguka upande wa chini, na mafuta yakaruka, ya moto, juu ya ukuta na juu ya mufuko wa unga wa mama mumoja. Nkambo alijua moteri ikikauka inakufa. Aliruka toka kwenye mashine akakisukuma kile kifuniko mahali pake kwa mikono yake miwili, akakishikilia, huku anamupigia kelele yule mama afunge diseli. Yule mama hakujua diseli inafungwa wapi. Mimi nilijua, lakini nilikuwa majini.

Nilipofika Muzee alikuwa amezimika. Nkambo aliketi juu ya mufuko, viganja vyake ameviinua mbele kama mutu anayeomba, na ngozi ilikuwa imeanza kuinuka. Nikasema yote palepale, tumbo la uongo, bomba, uzi. Nilingoja anipige na nilitaka anipige.

"Ungeniambia iko na uzi," akasema, "ningesimama karibu."

Yule mama wa unga tulimupa muhogo wetu wa akiba. Mikono ya nkambo ilifungwa vitambaa, na kwa siku nyingi nilimulisha kwa mukono wangu, ubwali na katapa, majani ya muhogo, naye alitafuna akiangalia pembeni. Siku zilizobaki kabla ya shule kufungua zilikuwa zinahesabika na mimi sikuthubutu hata kuzitaja.

Aliyekuja kutusaidia alikuwa fundi wa mashua za moteri pale bandarini, mwanaume mufupi, mukali, Mubemba ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha soko tu. Alichungulia tundu, akachomoa mabaki ya uzi kwa kucha, akauinua ili watu wote wauone.

"Awe, hapana! Nani alifunga moteri kama samaki?"

Nikasema ni mimi. Watu walicheka, yeye hakucheka. "Weye uliharibu, weye utatengeneza," akasema, na kumugeukia nkambo: "Ba mayo, mama, huyu iko na mikono. Acha afanye."

Hivi ndivyo nilivyojifunza, rafiki yangu. Kwanza alitoboa lile tundu kuwa pana zaidi. Kisha akatafuta buloni ngumu ya lori, akanipa tupa, akaniambia nichonge mifereji minne toka juu mpaka chini, ili buloni yenyewe igeuke kisu cha kukatia meno mapya. Nilichonga siku tatu. Malengelenge yalipasuka, mengine yakaota juu ya yale. Nkambo alikaa mbele yangu na mikono yake iliyofungwa, na mimi na yangu iliyopasuka. Siku ya nne fundi akaniruhusu kukata: nusu mbele, robo nyuma, pangusa, tia mafuta, nusu mbele. Ukiwa na haraka chuma kinavunjikia ndani na mambo yamekwisha. Nilikata huku ninapumua kwa mudomo, jasho linaniingia machoni.

Halafu akaniambia kitu kilichonishangaza. Buloni hazikuwa na kosa tangu mwanzo. Kifuniko ndicho kilichopinda, na kilipindishwa na watu wenyewe waliokaza na kukaza, miaka na miaka, wakidhani wanazuia mafuta. Alinipa kipande cha kioo cha dirisha, nikamwaga juu yake muchanga mwembamba wa ziwa na mafuta, nikakisugua kifuniko mpaka uso wake wote ukang'aa sawasawa. Karatasi ya kuzibia tulikata kwenye mufuko wa saruji. Buloni zote nne tukakaza kidogo kidogo, kwa zamu, kwa mukono mutupu.

Ilibaki siku mbili tu. Muzee aliwaka, akaunguruma toka saa sita mpaka jua linazama, na kopo lilikaa chini yake bila kitu. Nkambo hakulisha mashine mchana ule, nililisha mimi. Yeye alikaa mahali pangu, chini, macho kwenye kopo. Jioni akalichukua, akapitisha kidole ndani, akakiangalia kidole.

"Bon," akasema. "Funga vitu vyako."

Nilifunga. Nilikuwa na haraka hata sikumaliza chai. Mwalimu alikuwa amepata mujane mumoja wa kulisha mashine mpaka mikono ipone. Nkambo alinisindikiza mpaka barabarani na mimi niliongea njia nzima habari za shule, na lori lilipokuja nilipanda kabla halijasimama vizuri.

Barua zake aliziandika mwalimu. Zote zilisema maneno yaleyale: moteri iko muzuri, haitoi hata tone, soma. Likizo ya kwanza aliandika kwamba njia imeharibika na mvua, nibaki na watu wa kanisa. Likizo ya pili akasema kuna ugonjwa wa kuhara, nibaki. Nilibaki, na sitakudanganya, sikuhuzunika sana. Nilirudi baada ya mwaka muzima.

Nilishuka barabarani, nikasikiliza, na sikusikia tu-tu-tu. Nilisikia muchi ukipiga kinu. Nkambo alikuwa mbele ya kibanda anatwanga muhogo wa watu, akiushika muchi kwa vidole, maana viganja havikukunjika tena. Nyuma yake Muzee alikuwa kimya, kutu imeshika magurudumu, kuku amelala juu yake.

Muzee alikuwa amekufa mwezi wa pili baada ya mimi kuondoka. Moteri ya zamani haivuji tu, inakunywa mafuta pia na kuyatoa kwa moshi. Mimi nilijua. Kila siku, kabla ya kukinga, nilikuwa ninaangalia kina cha mafuta na kuongeza kidogo, kazi yangu ndogo ambayo hakuna aliyeniagiza. Nkambo alikuwa na habari ya kopo tu. Kopo likawa kavu, akaona Muzee amepona, hakuna aliyechungulia ndani, mpaka siku chuma kiliposhikana na chuma. Neno moja tu lingetosha, la kumuambia apime kila siku kabla ya kuwasha. Nilikuwa na njia nzima ya kulisema, mpaka barabarani, na nilisema habari za shule.

Nililia pale uwanjani, nikasema sirudi tena masomo, nitabaki nitwange. Nkambo aliweka muchi chini.

"Ubaki ufanye nini?" akasema. "Moteri imekufa. Hakuna tena kintu ya kukushika hapa."

Alifariki nikiwa mwaka wa tatu. Kibanda kimeondoka, mabati yalienda kila moja na aliyelichukua, Muzee alikatwa vipande na wanunuzi wa vyuma. Leo pale wanasaga kwa umeme, mashine inalia kama nyuki, na vijana wanaoiendesha wanatazama simu. Chisense bado zinaanikwa, lakini wale wanawake siwajui, na yule fundi mufupi hayupo bandarini. Nikienda Nchelenge ninafika mpaka majini, ninakaa ninavyotaka. Hakuna anayenihitaji mahali popote.

Watu wananiuliza kama ninasikitika kwamba nilirudi shule likizo ile ilipoisha, nikamuacha na kinu. Ninawaambia ndiyo, ninasikitika, na ni kweli. Wewe nitakuambia na kile kingine. Siku ile alinisindikiza tena mpaka barabarani, na lori lilipong'oka alisimama pale amenyoosha vile viganja visivyokunjika, kuniaga. Tulipopita kona, wanafunzi wenzangu waliokuwa ndani ya lori walianza kuimba, na mimi nikaimba nao, kwa sauti, mpaka Mwansabombwe.